Kwa nini samaki wa baharini huruka nje ya tangi?

Je, wajua kwamba samaki wa matumbawe anaweza kuishi kwenye tangi safi, akala vizuri, asiwe na ugonjwa wowote, kisha asubuhi moja akakutwa sakafuni amekauka kama dagaa? Wanaofuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani wanaijua hesabu hiyo ya asubuhi: mmoja hayupo, unaangaza mawe, unaangaza kona, mwishowe unainama kutazama nyuma ya kabati. Kuna wanaosema samaki alichoshwa na kifungo, na wengine hulaumu maji. Maji mabaya, hasa yenye oksijeni kidogo au amonia, yanaweza kweli kumrusha. Ila mara nyingi mrukaji alikuwa akijiokoa, kwa njia ileile inayowafaa wenzake baharini kila siku.

Watu wa pwani husema hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Mkizi akishtushwa na chombo huruka juu, na mara nyingine huangukia humohumo ndani ya chombo, mvuvi akapata kitoweo bila jasho. Methali inaiita hasira. Mimi naona ni woga. Na methali haiwahesabu mkizi wengine wote walioruka jioni hiyohiyo wakaangukia majini, meta chache mbali na aliyewatia hofu. Chuchunge na panzi wa bahari nao hutoroka hivyo. Kwa samaki wa baharini kuruka hakuna gharama kubwa, kwa sababu popote atakapoangukia pana maji. Hakuna kilichowahi kumfundisha kwamba maji yanaweza kuishia hapo pembeni. Tangi la sebuleni linaishia hapo pembeni.

Isitoshe, uamuzi wa kuruka haupitii mahali pa kufikiria. Nyuma ya ubongo wa samaki wengi wa mifupa kuna jozi ya seli za neva kubwa kupita kawaida, zinazoitwa seli za Mauthner, kwa jina la Ludwig Mauthner, daktari wa Austria aliyezieleza katika karne ya 19. Kishindo kikitokea upande wa kushoto, seli ya kushoto huamsha misuli ya upande wa kulia kwa mpigo mmoja. Mwili hujikunja kama herufi C, kichwa kikaelekea mbali na kishindo, kisha mkia hupiga na samaki akafyatuka. Mkunjo huo wa kwanza huanza ndani ya takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Mlango uliobamizwa, mtoto aliyegonga kioo, taa ya chumba iliyowashwa ghafla saa nane usiku: vyote vinatosha. Mwambani samaki angefyatuka meta mbili tatu, akajikuta bado yuko majini. Ndani ya tangi lenye kina cha sentimita 50, safari hiyo humalizikia kwenye kioo au hewani.

Ndiyo maana warukaji hodari ni samaki wenye tabia fulani za kuishi, wala si lazima wawe wakubwa. Chukua Nemateleotris magnifica, samaki mwembamba kama kidole, mweupe mbele na mwekundu nyuma, mwenye uzi mrefu juu ya mgongo. Makao yake yanaanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Siku nzima huelea juu ya shimo lake akidaka vijidudu vinavyopita na mkondo, na kivuli kikipita huzama shimoni kabla hujapepesa jicho. Dukani hununuliwa kwa uzuri na upole wake, kisha hutiwa kwenye tangi ambalo hana shimo analolijua. Akishtuka hana pa kuzama, basi huenda popote penye nafasi, na nafasi iko juu.

Kuna pia samaki wa jenasi ya Cirrhilabrus, wa ukoo wa Labridae, wenye rangi ambazo mchoraji angeogopa kuzichanganya. Mmoja wao, Cirrhilabrus wakanda, alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2019 kutoka miamba ya Zanzibar iliyo kwenye kina cha zaidi ya meta 50, na akapewa jina la nchi ya kubuni iliyofichika. Ndugu zake wa maji mafupi zaidi ndio wanaofika kwenye matangi ya nyumbani. Kwao hofu ni nusu tu ya habari, maana hata mapenzi huwarusha. Madume hujipamba kwa rangi kali, hutanua mapezi na kupita mbele ya majike kwa kasi. Wakati wa kutaga, dume na jike hupanda pamoja mbio kuelekea juu, huachia mayai na mbegu kwenye maji ya juu, kisha hugeuka na kushuka. Baharini juu yao kuna nafasi ya kutosha kabla ya uso wa maji. Kwenye tangi, mbio hizo zikizidi kidogo tu, ndoa imevunjika. Na madume wawili wakiwekwa pamoja, aliyeshindwa atafukuzwa mpaka atafute mlango, na mlango ni uleule wa juu. Ukiona samaki mmoja amejibanza kwenye kona ya juu ya tangi siku nzima huku mapezi yake yamechanika, usisubiri usiku uingie. Mtenge yeye, au mtenge anayemwonea.

Niseme pia kwamba si kila samaki huruka kwa kubahatisha. Bathygobius soporator, samaki mdogo wa pwani za joto za Atlantiki, hubaki kwenye vidimbwi vya mwambani maji yanapokupwa, na akisumbuliwa huruka kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine asichokiona kutoka alipo. Mtafiti Lester Aronson alieleza mwaka 1951 kwamba samaki huyo hujifunza ramani ya mwamba kwa kuogelea juu yake wakati maji yamejaa. Baadaye ilionekana kwamba hata baada ya siku 40 bado anakumbuka. Samaki wa sebuleni hajawahi kuogelea juu ya zulia.

Basi dawa ni kifuniko, na hapa ndipo watu hukosea kwa kukimbilia kioo. Kioo humzuia samaki, kweli, lakini huzuia pia joto lisitoke na hewa isibadilishane vizuri. Tangi la matumbawe hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi, na kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili, kuvukiza kwa maji ndiko kunakosaidia kuyapooza. Ukilifunika kwa kioo, maji huzidi joto taratibu, hewa ya kaboni hubaki ndani na kufanya maji yaelekee uchachu, na chumvi inayorukia kioo hukatia matumbawe mwanga. Kwa mtu wa Ulaya kwenye baridi, kioo kina nafuu kidogo. Kwetu sisi wa joto, wavu ni bora, na sioni sababu ya kubishana.

Wavu wenyewe uwe wa plastiki au nailoni usio na rangi, matundu yake yapata milimita 6. Fundi wa madirisha ya aluminiamu anaweza kukutengenezea fremu ya kipimo cha tangi lako kama anavyotengeneza ya neti ya mbu. Mwambie tu asitumie neti yenyewe ya mbu, maana nyuzi zake za karibukaribu hukata mwanga mwingi, na kamwe asitumie wavu wa chuma, shaba au bati. Maji ya chumvi hula chuma, na shaba ikidondokea majini huua kamba, konokono na matumbawe. Vile vigae vya plastiki vyenye miraba ya kutawanya mwanga wa taa za dari pia hutumika, ila matundu yake huzidi sentimita moja, na Nemateleotris hupita humo bila kuomba njia. Kwa kuwa maji bado yanavukiza, usisahau kurudishia maji matamu, si ya chumvi. Kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukifidia kwa maji ya chumvi, kiwango kitapanda kupita gramu 35 kwa kilo, ambacho ndicho cha kawaida baharini.

Kisha kuna matundu ya pembeni: pale mabomba ya pampu yanapoingia, pale waya wa hita unapopita, pale maji yanapofurikia kwenda kwenye tangi la kuchujia. Kichwa kikipenya, mwili mwembamba utafuata. Mkunga, samaki mrefu mwenye umbo la nyoka, ndiye bingwa wa hili. Yeye haruki kwa kushtuka. Hutembelea kingo usiku akinusa, husukuma kifuniko kwa shingo, na kifuniko chepesi kisichobanwa humwachia. Mkunga wa madoadoa meupe na meusi, Echidna nebulosa, anayepatikana hata kwenye miamba yetu, ameonyeshwa na watafiti wa California mwaka 2021 kwamba anaweza kutoka majini, kushika windo nchi kavu na kulimeza hukohuko. Kwake sakafu ya sebule ni uwanja tu wa kuwindia. Kifuniko chake kibanwe kwa vibanio.

Taa nazo zina sehemu yake. Zinazofifia polepole jioni na kuamka polepole asubuhi humpa samaki muda wa kuingia mahali pake pa kulala. Usiku, mwanga hafifu mahali fulani chumbani hupunguza mshtuko wa taa kubwa ikiwashwa. Samaki mgeni azimiwe taa siku ya kwanza.

Ukimkuta sakafuni, usimwandike marehemu haraka. Nje ya maji nyuzi laini za matamvua hushikana, hewa ikashindwa kuingia kwenye damu, lakini zikiwa bado na unyevu huachana tena zikirudi majini. Lowesha mikono kwanza ili usimvue ute unaomkinga, msuuze vumbi kwa maji ya tangi, mrudishe mahali penye mkondo mdogo na uzime taa. Wengine hulala ubavu kwa muda, kisha huinuka.

Na asipoonekana popote, si sakafuni, si kwenye tangi la kuchujia wala midomoni mwa paka, usiseme bado ameruka. Halichoeres, ndugu wa hao Cirrhilabrus, hulala amejizika mchangani, na akiwa mgeni anaweza kubaki humo siku kadhaa. Usimfukue. Funika tangi, weka chakula kidogo mchana, na usubiri mchanga utikisike.