Rasa ya Kilatvia na rasa ya Kipali: nani kamkopa nani?

Kwa Kilatvia (si Kilatini, tafadhali), rasa ni umande. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Wabudha wa Theravada, rasa ni ladha au utomvu. Herufi nne zilezile, na hapo ndipo porojo huanzia.

Dhana: Walatvia walilitoa neno hili India.
Hakuna aliyekopa. Lugha zote mbili ni za ukoo wa Kihindi-Kiulaya, na kila moja ililirithi neno kivyake. Maana ya zamani ni majimaji, unyevu. Kule Latvia, kando ya Bahari ya Baltiki, ulibaki ule unyevu wa alfajiri majanini. Kule India yakawa maji ya mmea, na kutoka hapo hadi ladha si mbali. Muulize yeyote aliyewahi kutafuna muwa. Mashahidi wengine wapo: Kirusi huita umande rosa, Kilatini ros.

Dhana: Maneno yakifanana sura, ni ndugu.
Sala kwa Kilatvia ni kisiwa. Sala yetu tumeitoa Kiarabu, na hazijuani. Undugu huonekana sauti zinapolingana neno baada ya neno: moshi ni dūmi kwa Kilatvia, dhūma kwa Kipali, vīrs ni mwanamume, vīra ni shujaa.

Dhana: Asili moja, basi na miisho ni ileile.
Hapa wanafunzi huteleza sana. Kwa Kilatvia neno hili ni la jinsia ya kike: rasa likiwa kiima, rasu likitendwa, rasas ukisema "ya umande". Kwa Kipali ni la kiume: raso, rasaṃ, rasassa. Ile rasa unayoikuta kwenye kamusi ya Kipali ni shina tu. Katika maandiko huja na mwisho wake: bahari kuu husifiwa kuwa ekaraso, loṇaraso: yenye ladha moja, ladha ya chumvi.

Kinachonifurahisha zaidi ni rasā, yenye kistari juu cha kurefusha irabu. Kwa Mlatvia, kistari hicho kinafanya kazi ya -ni yetu: rasā ni "umandeni". Msomaji wa Kipali akiiona rasā hiyohiyo, atasoma "ladha" nyingi zikiwa kiima, au "kutoka katika ladha". Mmoja yumo ndani, mwenzake anatoka.