Moto ukianzia chini, wale wa juu watapita wapi?

Msimu wa baridi uliopita niliingia katika jengo la orofa tatu lililokuwa likitengenezwa upya katikati ya Lubumbashi. Chini, sudere alikuwa anakata vyuma vya madirisha, na cheche zilirukia rundo la mifuko mitupu ya saruji. Orofa ya pili menizye anabandika tiripleksi, ndoo ya kola iko wazi miguuni pake. Ya tatu, vijana wanapaka rangi. Ngazi ni moja.

Nikamwuliza kapita, msimamizi wa kazi: “Papa, moto ukianzia hapa chini, wale wa juu watapita wapi?”

“Si kwa ngazi?”

“Na ngazi ikijaa moshi?”

Alivua kofia, akatazama juu, akacheka kidogo. Sikumlaumu. Katika kabrasha la shantie ile palikuwa na michoro ya umeme, ya maji, hata ya rangi za kuta. Wa kukimbilia nje haukuwapo.

Wengi hudhani nyumba ya tofali na zege haiwezi kuungua. Zege haiungui, kweli, lakini vilivyomo ndani vinaungua: mbao za kufinyangia zege, plastiki, rangi, povu la kuziba nyufa. Tena jengo ambalo halijaisha halina kinga zake. Milango ya kuzuia moshi haijawekwa, king'ora hakijafungwa, na matundu ya mabomba yametobolewa kutoka orofa hadi orofa. Moshi hupanda humo kama kwenye dohani ya jiko. Mwaka 1996, kwenye uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, mafundi walikuwa wanachomelea chuma barabarani, juu ya ukumbi wa abiria. Joto na cheche vikafikia povu la plastiki lililofichwa ndani ya dari. Watu 17 walikufa, wengi wao kwa moshi, moto wenyewe haujawafikia.

Kwa hiyo sudere ndiye wa kwanza kuangaliwa. Kanuni ya NFPA, shirika la Marekani la kukinga moto, inataka kila kinachoshika moto kiondolewe umbali wa mita 11 kutoka anapofanya kazi, au kifunikwe kwa turubai lisiloungua. Tangu toleo la 2019 inataka pia mtu abaki akilinda kwa saa 1 baada ya kazi ya moto kuisha. Zamani ilikuwa nusu saa. Sababu yake ni kwamba cheche iliyoingia kwenye maranda au ufa wa ubao hukaa ikifukuta kimyakimya, na ndimi za moto hutokea watu wakiwa wameshapanda teksi. Shantie ikifungwa saa kumi na nusu, mwisho wa kuchomelea uwe saa tisa na nusu. Mafundi hawataifurahia hesabu hii, najua.

Chupa za oksijeni na asetileni zisimame wima, zimefungwa mnyororo, mbali na ngazi. Chupa ya asetileni iliyopata moto inaweza kulipuka hata baada ya moto kuzimwa, kwa hiyo msiisogelee wala msijaribu kuihamisha. Waambieni pompie, yaani wazima moto, chupa hiyo iko wapi.

Sasa mpango wenyewe. Ulioandikwa mwezi uliopita haufai kitu, kwa kuwa shantie hubadilika kila siku: jana korido ilikuwa wazi, leo imezibwa na tiripleksi, kesho ngazi itamwagwa zege na hakuna atakayepita. Kapita azunguke kila asubuhi kabla ya kazi, akague njia mbili za kutoka, achore mishale ukutani kwa makaa. Kama njia ya pili haipo, aweke ngazi imara ya nje kwenye jukwaa la mafundi, au wa juu wasipande siku ambayo chini kuna kazi ya moto. Sehemu zipewe majina ambayo kila mtu anayajua: “mlango wa barabarani”, “upande wa mwembe”. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019 wakati wa ukarabati, king'ora kililia, lakini mahali pa moto hapakueleweka: mlinzi akaenda kukagua dari la jengo la pembeni, na karibu nusu saa ikapotea hivyo.

Vizimamoto viwekwe kila orofa, karibu na ngazi, kisiwe mbali na fundi zaidi ya mita 30. Cha unga cha kilo 6 humwaga sekunde 10 hadi 20 tu, basi. Kikiisha na moto bado upo, ondokeni.

Usiku una shida yake. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na sentinele hulala ndani na mbabula ya makala. Hewa ya makala peke yake yaweza kumwua kabla ya moto wowote. Atafutiwe kibanda nje, na blanketi. Delestaji ya umeme ikifika, gurupe (jenereta) liwashwe uani, na mafuta yasimiminwe humo likiwa bado la moto.

Halafu kuna kufuli. Patroni hufunga mlango kwa nje, watu wakiwa ndani, kwa sababu saruji huibwa. Uchungu wa mfuko uliopotea ninauelewa. Lakini fungeni chumba cha saruji, siyo njia ya watu. Mlango mkuu uwe na komeo linalofunguka kwa mkono kutoka ndani. Sheria ya Kazi ya Kongo namba 015/2002 imemwekea mwajiri mzigo wa usalama wa wafanyakazi, na vibarua wa siku moja wamo. Majina yao yaandikwe langoni wanapoingia. Bila daftari hilo, mtahesabu nani?

Kapita yule alitundika janti kuukuu ya gari chini ya ngazi, na nondo ya kuigonga. Zoezi alilifanya siku ya malipo, siku ambayo hakuna anayekosa. Akagonga, watu wakatoka hadi chini ya mwembe, daftari likasomwa. Wawili hawakuitikia. Walikuwa orofa ya tatu wanapiga randa dari, muziki wa simu masikioni. Jioni ileile janti ya pili ilitundikwa huko juu.