Meno ya Mfungwa: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Dhana: Tiba ya meno gerezani ni hisani ya mkuu wa gereza.

Ni haki. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa atibiwe bure na kwa kiwango kilekile cha raia wa nje, na Kanuni ya 25 inamtaja waziwazi daktari wa meno mwenye sifa. Kanuni ya 27 inaongeza kwamba uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya. Askari asiye mtaalamu hawezi kuupindua.

Dhana: Akipewa vidonge, uvimbe ukashuka, amepona.

Hili ndilo kosa linaloumiza wengi. Usaha wa jino hutoka kwenye kiini, sehemu laini ya ndani ya jino, kilichooza, ambako damu haifiki tena, na dawa husafiri kwa damu. Amoksilini itashusha uvimbe wa nje, chanzo kibaki palepale, na baada ya muda jipu litarudi. Tiba yenyewe ni kutoa usaha, kisha kung'oa jino au kusafisha mzizi wake. Zipo pia dalili zisizongoja zamu ya kliniki: uvimbe chini ya kidevu unaosambaa pande zote mbili, ulimi kuinuka, taya kukaza, mate kutomezeka. Njia ya hewa inaweza kuziba ndani ya saa chache. Mnyapara, yaani mfungwa anayesimamia wenzake, akiona mwenzake amekaa kitako usiku kucha kwa sababu akilala anakosa pumzi, aite askari saa ileile. Huyo ni wa hospitali, na asisubiri kufunguliwa asubuhi.

Dhana: Gerezani jino likitoboka ni kung'oa tu, maana hakuna umeme wala kiti cha meno.

Mbinu ya kuziba jino bila umeme ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono mwaka 1994. Mtaalamu hupanua mdomo wa tundu kwa patasi ndogo ya mkono, hukwangua uozo laini kwa kijiko cha chuma, na mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Tundu hufutwa kwa pamba yenye maji, hukaushwa, kisha hujazwa saruji ya glasi ayonoma, unga na kimiminika chake vikichanganywa papo hapo. Hushindiliwa kwa kidole chenye glovu kilichopakwa mafuta ya mgando, na mgonjwa hali kitu kwa saa moja. Kinachoharibu ni mate kuingia kabla haijashika, au mchanganyiko kucheleweshwa hadi ukapoteza mng'ao. Hapo haugandi kwenye jino. Tundu lililofika kwenye kiini halizibwi hivi. Lakini ukifungua daftari la zahanati ukakuta "kung'oa" ukurasa baada ya ukurasa, hiyo ni huduma duni hata kama foleni inaisha kila siku.

Dhana: Koleo la kung'olea meno likichemshwa kwenye sufuria linatosha.

Halitoshi. Lisuguliwe kwanza kwa brashi na sabuni, kwa sababu damu iliyokauka huwakinga vijidudu, kisha liingie kwenye mtungi wa mvuke wa shinikizo: nyuzi 121 kwa dakika 15, muda ukihesabiwa baada ya joto kufika.

Dhana: Kuazimana mswaki ni udugu wa selo.

Fizi hutoka damu, na kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Ndugu wanaoruhusiwa kupeleka vitu wapeleke mswaki wenye alama ya mwenyewe na dawa ya meno yenye floraidi.

Dhana: Jino likishatoka, kazi imekwisha.

Pamba ing'atwe kwa dakika 30. Siku ya kwanza asisukutue wala kutema kwa nguvu, na sigara aiache siku kadhaa, kwani bonge la damu likitoka mfupa hubaki wazi. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, msimwambie anadeka. Arudishwe zahanati kidonda kioshwe na kuwekwa dawa.