Fidia ya Uchafuzi Haimfanyi Mvuvi Kuwa Huru

Kila ninapokaa na kamati za wavuvi hapa Kisumu kuzishauri kuhusu madai ya uchafuzi wa ziwa, nasikia kauli ileile, na sasa imenichosha: kiwanda kikishalipa, neno limekwisha. Hata wanauchumi wenzangu huisema, ila kwa maneno marefu zaidi.

Mwanauchumi Ronald Coase alieleza mwaka 1960 kwamba haki zikiwa bayana na majadiliano yasiwe na gharama, pande mbili zaweza kupatana zenyewe na kufikia matumizi yenye tija. Ufuoni masharti hayo mawili hayapo. Mjumbe wa kiwanda huja na bahasha na karatasi ya kutiwa sahihi, kiasi kimeshaamuliwa ofisini, na mwenye mtumbwi anajua kwamba akikataa leo, kesho bomba litafunguliwa vilevile. Nadharia ya kijamhuri (kwa Kiingereza, republicanism), kama inavyoelezwa na mwanafalsafa Philip Pettit, huuliza jambo ambalo hesabu ya hasara hailigusi: ni nani awezaye kuyaingilia maisha yako apendavyo, bila kuwajibika kwako? Anayeishi kwa hiari ya mwingine hayuko huru, hata mwingine huyo awe mkarimu, na hata kama mwaka huu hakumwaga tone. Ndiyo maana naithamini Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayomruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yupo aliyepata hasara. Ushauri wangu, ambao wateja hawaupendi kwa kuwa unaichelewesha bahasha, ni kwamba kabla ya kutaja shilingi, daini nakala ya leseni ya kumwaga majitaka, matokeo ya vipimo vya maji, na uwezo wa kusimamisha umwagaji.

Dhana nyingine potofu hazistahili muda mwingi. Nadharia hii ya kijamhuri haihusiani na chama cha Republican cha Marekani. Haipingi kodi ya uchafuzi pia, kwa kuwa kodi iliyopitishwa bungeni, na ambayo raia aweza kuipinga kortini, si utashi wa mtu mmoja. Wala si lazima ziwa la wote liuzwe kwa watu binafsi au liachiwe serikali peke yake. Elinor Ostrom alitunukiwa Nobel mwaka 2009 kwa utafiti wake kuhusu jamii zinazosimamia mali zao za pamoja, na BMU zetu (Beach Management Units, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo) zina kanuni tangu 2007. Ila mwenyekiti wa BMU anayewapendelea jamaa zake bila kuuliza mkutano mkuu anawaweka wavuvi katika hali ileile ya kungoja hisani, na wanachama wanapaswa kumhoji kama wanavyomhoji meneja wa kiwanda.