Safu ya wapokeaji haipimwi kwa tachidauni za Septemba

Mechi ya kwanza ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, haijapoa, simu yangu imeshajaa ujumbe wa jamaa wakiuliza: wapokeaji wetu, yaani wadakaji wa mpira unaorushwa, mwaka huu unawaonaje? Wengi wanaouliza wameshajijibu. Aliyedaka tachidauni mbili, yaani aliyefunga mara mbili kwa kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ni moto wa kuotea mbali, aliyeangusha mpira ni galasa, auzwe kesho. Nafundisha wapokeaji katika shule moja ya sekondari huku Marekani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa mbele ya video hadi usiku. Jibu langu huwakera wengi, lakini silibadilishi: katika wiki nne za mwanzo, tachidauni, jumla ya yadi na idadi ya mipira iliyoanguka ni vitu vya mwisho kuviangalia. Naanza na yale yanayotokea kabla mpira haujamfikia mtu. Nani yuko uwanjani? Anamwachaje beki wake? Kwotabeki, yule anayerusha mpira, anamtafuta mara ngapi?

Kwa wanaoanza kuufuatilia mchezo huu: mpira unapoanzishwa, kila mpokeaji ana njia aliyopangiwa kukimbia, na kwotabeki ana sekunde mbili na nusu hivi, tatu akibahatika, kuamua atamrushia nani. Wapokeaji watatu au wanne wanakimbia kwa pamoja, na mpira unakwenda kwa mmoja tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mpokeaji haimo kabisa kwenye takwimu zinazosomwa kwenye televisheni. Anaweza kumwacha beki wake mara kumi na asiguse mpira hata mara moja.

Mfano ninaoupenda ni wa Sammy Watkins. Septemba 2019, mechi ya kwanza ya msimu, akiwa na Kansas City Chiefs ugenini Jacksonville, alidaka mipira 9, yadi 198, tachidauni 3. Wiki ile nzima watu waliimba jina lake. Msimu wa kawaida ulipokwisha alikuwa na yadi 673 na tachidauni 3, yaani zile zile za siku ya kwanza. Hakuwa mchezaji mbaya. Ila yadi zake za siku ile zilitokana na mipira michache mirefu, na mipira ya aina hiyo haiji kila Jumapili. Ni kama mshambuliaji wa soka aliyefunga mabao matatu kwa mashuti matatu: mpongeze, lakini uliza wiki ijayo atapata mashuti mangapi.

Kuangusha mpira nako ni hivyo hivyo. Mpokeaji wa kiwango cha NFL huangusha mipira michache tu kati ya kila mia anayorushiwa, kwa hiyo ikiangukia yote kwenye mechi mbili za mwanzo, ataonekana hana mikono. Mwaka 2021 Cincinnati Bengals walimchukua Ja'Marr Chase akiwa mchezaji wa tano katika drafti nzima, ile zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Mwaka uliotangulia hakucheza chuoni kabisa. Kwenye mechi za maandalizi akaanza kuangusha mipira, na alipoulizwa alieleza kwamba mpira wa NFL ni mkubwa kidogo na hauna ile mistari myeupe iliyopo kwenye mpira wa vyuo, hivyo ni vigumu kuuona unavyokuja. Watu wakamcheka. Mimi nilimwelewa, maana vijana wangu nawafundisha kuutazama mpira kwenye ncha yake na kuufuata hadi mikononi, na ukibadilisha mwonekano wa mpira umebadilisha kile macho yalichozoea kukitafuta. Mechi ya kwanza ya ligi dhidi ya Minnesota, Chase alipata yadi 101 na tachidauni. Alimaliza msimu na yadi 1,455 na tuzo ya mchezaji bora mpya wa safu ya ushambuliaji.

Sasa, kipi kinasema kweli mapema? Idadi ya mara mtu anazorushiwa mpira, ikilinganishwa na idadi ya njia alizokimbia. Mpira mmoja mrefu unaweza kuangukia mikononi kwa bahati, lakini kwotabeki harushi mpira mara kumi na tano kwa mtu asiyemwamini. Mwaka 2023 Los Angeles Rams walianza msimu bila mpokeaji wao tegemeo, Cooper Kupp, aliyekuwa majeruhi. Nafasi yake akapewa kijana wa raundi ya tano, mchezaji wa 177 katika drafti, Puka Nacua. Mechi ya kwanza, ugenini Seattle, kwotabeki Matthew Stafford alimrushia mara 15, akadaka 10 kwa yadi 119. Wiki iliyofuata, dhidi ya San Francisco, alirushiwa mara 20, akadaka 15. Wengi walisema ni upepo tu, Kupp akirudi utapita. Lakini mara 35 kwa mechi mbili, kutoka kwa kwotabeki mkongwe aliyekwisha kubeba ubingwa, huo si upepo. Nacua alimaliza na mipira 105 na yadi 1,486, zote rekodi mpya za NFL wakati ule kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza.

Ndiyo maana sisemi kwamba mechi ya kwanza hudanganya siku zote. Wikiendi ile ile ya kwanza ya 2023, Tyreek Hill wa Miami alipata yadi 215 dhidi ya Chargers, na mwisho wa msimu alikuwa na yadi 1,799, akiongoza ligi nzima. Hill naye alirushiwa mara 15 siku ile. Yadi za siku moja naziamini pale tu zinapobebwa na mzigo mkubwa wa kazi.

Takwimu zinanifikisha hapo. Yaliyobaki nayatafuta kwenye video, na si ile ya televisheni, kwa sababu kamera ya televisheni inafuata mpira na wapokeaji hutoka nje ya picha baada ya hatua chache. NFL ina video inayopigwa kutoka juu, wachezaji wote 22 wakionekana, na mtu yeyote anaweza kuilipia. Naisimamisha pale kwotabeki anapokanyaga mguu wa mwisho wa kurudi nyuma, tayari kurusha. Hapo napitia mpokeaji mmoja mmoja: yuko wapi, beki wake yuko wapi, kati yao pana nafasi ya mtu kupita au wamegandana? Mpira umekwenda kwa nani, hilo naliacha kwanza.

Kisha narudisha nyuma nitazame nyonga za beki. Katika ukabaji wa mtu kwa mtu, beki anasimama karibu kiasi cha kumgusa mpokeaji. Mpokeaji hodari anapiga hatua moja kali kuelekea nje, bega likienda na mguu, na beki akishageuza nyonga kuelekea huko, mpokeaji anakata ndani. Nyonga zikishageuka beki hana la kufanya, hata awe na mbio kiasi gani. Mpokeaji dhaifu huchezesha miguu sana pale pale bila kwenda popote. Beki anatulia tu na kumsubiri. Kwenye njia ya yadi kumi na mbili, ile ya kukimbia mbele kisha kusimama na kugeuka, nahesabu hatua za kusimama. Aliyefundishika anashusha makalio na kusimama kwa hatua tatu. Asiyefundishika anainua kifua na kuchapa hatua tano sita fupi fupi, na beki ameshajua kila kitu. Dhidi ya ukabaji wa maeneo natafuta kingine kabisa: anatambua pengo lilipo kati ya mabeki wawili, anasimama humo na kumwonyesha kwotabeki kifua na mikono? Au anaendelea kukimbia hadi anajipeleka mwenyewe kwa beki wa pili?

Mambo haya hayabadiliki wiki kwa wiki kama tachidauni zinavyobadilika. Ukiyaona kwenye mechi mbili, uwezekano ni mkubwa utayaona Desemba.

Halafu kuna kwotabeki mwenyewe. Tarehe 11 Septemba 2023, kwotabeki Aaron Rodgers alikatika mshipa wa kisigino katika mechi yake ya kwanza ya ligi akiwa na New York Jets, mpira ukiwa umeanzishwa mara nne tu akiwa uwanjani. Garrett Wilson, mpokeaji wao bora, akabaki na makwotabeki wa akiba msimu mzima. Alirushiwa mara 168, akapata yadi 1,042. Ukigawanya yadi hizo kwa mara alizorushiwa, unaweza kudhani ni mpokeaji wa kawaida. Ukitazama video unaona mtu anayewaacha mabeki wake wiki baada ya wiki, na mipira inayopita juu ya kichwa au kuanguka miguuni pake. Wazuiaji wanaomkinga kwotabeki nao wana mchango wao: wakivunjwa haraka, njia ndefu hazikomai, na aliyepangiwa kukimbia mbali ataonekana hana kazi.

Nimalizie na Chiefs wa 2023, safu niliyoifuatilia kwa karibu kuliko nyingine zote. Hill alikwisha kuuzwa Miami Machi 2022, JuJu Smith-Schuster naye akahamia New England. Tarehe 7 Septemba walifungua msimu nyumbani dhidi ya Detroit Lions, bila mdakaji wao mkuu, Travis Kelce, aliyeumia goti mazoezini siku mbili kabla. Mpokeaji wao Kadarius Toney alirushiwa mara tano akadaka mara moja, yadi moja. Mpira mmoja ulipita katikati ya mikono yake, Brian Branch, beki wa Lions, akaunasa na kukimbia nao yadi 50 hadi tachidauni. Chiefs walifungwa 21 kwa 20, na kesho yake mji mzima ulikuwa unamzungumzia Toney.

Mimi mipira ile iliyoanguka haikunishtua sana. Toney alifanyiwa upasuaji wa goti mwezi Julai, hakucheza mechi hata moja ya maandalizi, na mikono ya mtu aliyekosa mazoezi ya mwezi mzima huwa inachelewa. Kilichonishtua ni picha nilizosimamisha: bila Kelce, kwotabeki wao Patrick Mahomes alikuwa akifika mwisho wa hatua zake na mara nyingi hakukuwa na mtu aliye wazi. Skyy Moore, mpokeaji mwingine, alirushiwa mara tatu, hakudaka hata mmoja. Ugonjwa wa safu ile ulikuwa kutowaacha mabeki, nao haukupona. Msimu mzima, Moore alipata yadi 244, Toney 169, Marquez Valdes-Scantling 315. Kelce, akiwa na miaka 34, alibaki kuwa mkubwa wao kwa yadi 984.

Palikuwa na mmoja tofauti, na alionekana siku ile ile ya kwanza. Rashee Rice, kijana wa raundi ya pili kutoka chuo cha SMU, alidaka mitatu na tachidauni moja ya yadi moja. Takwimu ndogo, ila kila alipodaka alikuwa ameshageuka mbele kabla beki wa kwanza hajamfikia, na dhidi ya ukabaji wa maeneo alijua pa kusimama. Walimtumia kidogo mwanzoni, muda wake uwanjani ukaongezeka taratibu. Alimaliza na mipira 79, yadi 938 na tachidauni 7, kisha yadi 130 dhidi ya Miami kwenye mtoano, usiku wa baridi kali isiyosemeka.

Najua mtakachoniuliza: mbona walibeba ubingwa? Walibeba, ndiyo, Februari 2024, 25 kwa 22 dhidi ya San Francisco katika muda wa nyongeza, na tachidauni ya ushindi alidaka Mecole Hardman, ambaye Septemba alikuwa Jets na alirudishwa Oktoba. Valdes-Scantling, aliyeangusha mpira mrefu wa ushindi dhidi ya Eagles mwezi Novemba, ndiye aliyedaka yadi 32 Baltimore na kuwapeleka fainali. Toney hakucheza mechi hata moja ya mtoano. Timu ilishinda kwa ulinzi wake, kwa Mahomes na Kelce, na kwa kocha Andy Reid kupunguza idadi ya watu anaowategemea hadi wakabaki wachache. Kombe halikuifanya safu ile kuwa nzuri, na klabu yenyewe ililijua hilo: miezi miwili baadaye walipanda kwenye drafti kwa kubadilishana nafasi na Buffalo ili wamchukue Xavier Worthy, mpokeaji kijana aliyekuwa ametoka kuweka rekodi ya mbio za yadi 40 kwa sekunde 4.21 kwenye majaribio ya kabla ya drafti, na mpokeaji mwingine, Marquise Brown, walikuwa wameshamsajili. Rice waliendelea naye, na mechi tatu za mwanzo za 2024 alikuwa na mipira 24, kabla goti halijaumia katika ya nne.

Msimu ujao ukianza, nitumieni majina ya wapokeaji wenu baada ya wiki ya pili. Kwa kila jina nitataka mambo mawili: amekimbia njia ngapi, na amerushiwa mara ngapi.