Imam Bukhari hakuzikwa Bukhara, na Samarkand si Registan peke yake

Ratiba ileile ya Uzbekistan imenifikia tena: Tashkent, treni ya asubuhi hadi Samarkand, Registan (ule uwanja wa madrasa tatu), kulala, kesho yake treni ya Bukhara "tukamzuru Imam Bukhari". Nimechoka kuisahihisha mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Imam, yule mkusanyaji wa hadithi za Mtume, alizaliwa Bukhara mwaka 810. Hilo ni sahihi, na ndiyo maana ya jina lake. Lakini mwishoni mwa maisha yake gavana wa Bukhara alimtaka aende kwake akawasomeshe wanawe faragha. Imam akakataa; elimu inafuatwa, haipelekwi milangoni mwa watawala. Wakakosana, akatolewa mjini, akaenda kwa jamaa zake katika kijiji cha Khartang upande wa Samarkand, na huko akafariki usiku wa Idi ya Fitri mwaka 256 Hijria, yaani 870. Kaburi liko kilomita 25 hivi kaskazini ya Samarkand. Bukhara iko kilomita kama 270 magharibi. Anayesubiri afike Bukhara atakuta makumbusho yenye jina lake, kisha atakuwa na kazi ya kurudi alikotoka. Watu waliosoma madrasa tangu utotoni wanafanya kosa hili, wanalifanya kwa wingi, na mawakala wanawaachia tu kwa sababu tiketi zimeshauzwa.

Kwenda Khartang ni nusu siku. Kodi gari zima kwenda na kurudi, na mpatane kabisa muda ambao dereva atakusubiri, maana ukimwachia aondoke, kupata gari la kurudi ni bahati. Eneo limekuwa likijengwa upya kwa ukubwa mno miaka hii, kwa hiyo waombe watu wa hoteli wapige simu kuuliza kama pako wazi kabla hujatoa hata som moja, fedha ya huko.

Kosa la pili ni la ramani. Watu wanaona Khartang, Urgut na Shahrisabz zote ziko "karibu na Samarkand" wanaziunga siku moja. Khartang iko kaskazini, Urgut kusini-mashariki, Shahrisabz kusini nyuma ya milima, Panjakent mashariki ng'ambo ya mpaka. Kwa mgeni hizi ni njia za kwenda na kurudi; kila moja inakurudisha mjini kabla hujaanza nyingine. Siku moja, upande mmoja. Ukiwa na siku moja tu ya ziada, usitoke mjini kabisa. Fuata upande wa kaskazini-mashariki kwa miguu.

Upande huo unaanzia soko la Siab. Ukishapita makaburi ya Shah-i-Zinda unafika Afrasiab, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapanda vilima vya udongo, wanaona mbuzi na mashimo, wanashuka wakilalamika. Vile vilima ndiyo Samarkand yenyewe, ile iliyokuwapo kabla Genghis Khan hajaivunja mwaka 1220. Anza na makumbusho, kisha vilima. Ndani kuna michoro ya ukutani ya karne ya 7 iliyofukuliwa mwaka 1965: wajumbe wa mataifa wanaleta zawadi kwa mfalme Varkhuman, na miongoni mwao wamo wenye manyoya kofiani, wanaodhaniwa kuwa wa Korea. Ukitoka umeshaona hiyo, udongo unaanza kuwa mji. Beba maji; huko juu hakuna kivuli hata cha fimbo.

Mbele kidogo, kando ya mto Siab, kuna kaburi la Nabii Danieli. Lina urefu wa mita 18. Waislamu, Wayahudi na Wakristo wote wanalizuru, na wasimulizi wanakwambia kwamba mwili unaendelea kukua. Kama ni yeye kweli aliyemo, sithubutu kuapa: masimulizi yanasema Timur, mtawala aliyeifanya Samarkand makao yake makuu, alileta masalia kutoka Susa, na Susa, huko Iran, wanalo kaburi lao mpaka leo. Kinachofaa kukaa nacho pale ni watu wa dini tatu kupanga foleni moja bila mtu kugombana.

Kituo cha falaki cha Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, hakihitaji maneno mengi. Kilichosalia ni tao la jiwe la kupimia anga lililozama ardhini, lililofukuliwa mwaka 1908. Kituoni hapo walipanga orodha ya nyota zaidi ya elfu moja, ikakamilika mwaka 1437, kabla ya darubini kubuniwa. Utakaa dakika ishirini, na zinatosha.

Kutoka hapo chukua teksi (Yandex Go, programu ya simu ya kuita teksi, inafanya kazi mjini) hadi Konigil, kwenye kinu cha karatasi. Sasa hapa nitakaa.

Kazi yenyewe ni nzuri kuitazama. Matawi machanga ya mforsadi hulowekwa, gome huvuliwa, tabaka la nje la kahawia hukwanguliwa likabaki jeupe la ndani. Hilo huchemshwa kwa saa kadhaa mpaka lilegee, kisha huingia kinuni. Gurudumu la maji linazungusha gogo lenye vijiti, kila kijiti kinainua mchi na kuuachia, na mchi unatwanga siku nzima bila mtu kushika. Rojo linamwagwa kwenye beseni la maji, fundi anazamisha fremu yenye wavu, anaitikisa kidogo, anaiinua ikiwa na utando mmoja mwembamba. Tabaka hupangwa na kugandamizwa chini ya uzito, hubandikwa ukutani zikauke, na mwisho karatasi husuguliwa kwa jiwe la akiki ama pembe mpaka ing'ae. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye siri: karatasi isiyosuguliwa inafyonza wino na herufi inachanua. Iliyosuguliwa inaruhusu kalamu ya mwanzi iteleze. Omba karatasi ya aina zote mbili, andika herufi ileile juu ya kila moja, utaona.

Kinachonikera ni maelezo yanayoambatana nayo. Utaambiwa kwamba Waarabu waliwateka Wachina kwenye vita vya Talas mwaka 751, mateka wakafundisha Samarkand kutengeneza karatasi, na hiki unachokiona ni kilekile tangu siku hiyo. Kwanza, kinu hiki ni ufufuo wa baada ya Usovieti kuvunjika. Hakuna aibu katika hilo, basi lisemwe. Pili, Wasogdi, wenyeji wa kale wa Samarkand, walikuwa wakiandikiana kwenye karatasi tangu karne ya 4. Barua zao zilipatikana karibu na Dunhuang, China, na mojawapo ilikuwa inakwenda Samarkand. Watu waliokuwa wakiipokea karatasi kwa posta kwa karne nne hawakuhitaji vita ili waijue. Huenda mateka walileta ufundi fulani, huenda hawakuleta kitu. Tatu, karatasi za kale za Kiislamu zilizochunguzwa kwa hadubini, nyingi zimeonekana ni matambara ya kitani na katani. Mforsadi kama malighafi kuu ya Samarkand ya zamani? Nina mashaka. Nenda hata hivyo. Nunua karatasi, usinunue hadithi.

Urgut, kilomita 40 hivi, nenda Jumapili au Jumatano. Siku nyingine soko lipo lakini ni ndoo na viatu. Toka Samarkand saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa sita mchana wauzaji wa suzani wanafunga mizigo. Suzani ni kitambaa kilichodariziwa, ambacho kwa asili bibi harusi huenda nacho kwa mumewe, na swali la kila mtu ni kama ni kazi ya mkono. Acha kutazama ua la katikati, kila mtu analitazama hilo. Tazama maungio. Kwa desturi kitambaa hushonwa vipande vyembamba kwa muda, mchoro ukachorwa kwa wino, kisha vipande vikafumuliwa na kugawiwa wanawake tofauti wadarizi kila mmoja kwake, na mwisho vikaunganishwa tena. Kwa hiyo pale penye mshono tawi haliungani sawasawa na nusu yake, na nyekundu ya upande huu si nyekundu ya upande ule. Kasoro hiyo ndiyo hati yake. Ukikuta duara lililokamilika kama la bikari juu ya kitambaa cha kipande kimoja, weka mashaka. Kigeuze: mkono huacha mafundo, na mara nyingi mstari wa wino unachungulia pale uzi ulipokosa kuufunika. Paka leso nyeupe maji, isugue kwenye uzi mwekundu. Ikitoka waridi, hicho kitambaa hakitafuliwa milele. Rangi ya kizee pia si ushahidi, chai inazeesha pamba kwa usiku mmoja. Na kikiwa kweli na miaka zaidi ya 50, hutoki nacho nchini bila kibali cha wahusika wa utamaduni. Kuhusu lugha usihangaike. Samarkand na Urgut wengi huongea Kitajiki, ambacho ni Kiajemi, na rangi wanaiita "rang". Onyesha kidole, sema rangi, mmeelewana.

Shahrisabz inanipa tabu. Lango la kasri la Ak-Saray, lililoanzwa mwaka 1380, bado lina nguzo mbili za mita 38, na vigae vya buluu vilivyosalia juu vinatisha kwa uzuri. Lakini mitaa ya kale iliyolizunguka ilibomolewa ikawekwa bustani na njia pana, na UNESCO ikauweka mji kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2016. Nampeleka mtu anayependa barabara yenyewe: kupanda njia ya mlimani ya Takhtakaracha, nyama ya tandiri iliyopikwa na matawi ya archa (mti wa mreteni), kurut za chumvi (vidonge vya mtindi mkavu) zinazouzwa kando ya njia. Mabasi makubwa hayaruhusiwi kupita, kwa hiyo kundi linagawanywa kwenye magari madogo. Teksi za kujaza abiria wanne hupatikana karibu na Registan. Uliza mapema kama inafika Shahrisabz, maana nyingine huishia Kitob, mji ulio kabla yake. Wakati wa theluji njia hufungwa. Timur mwenyewe aliandaliwa kaburi Shahrisabz, na inasemekana ni theluji hiyohiyo iliyofanya azikwe Samarkand mwaka 1405.

Panjakent, Tajikistan, ni takriban kilomita 60, na mpaka wa Jartepa umefunguliwa tena tangu 2018. Teksi hadi mpakani, unavuka kwa miguu, teksi nyingine upande wa pili. Kabla ya yote tazama viza yako ya Uzbekistan. Kama ni ya kuingia mara moja, muhuri wa kutoka ndio umeimaliza, na utalala Tajikistan ukitazama taa za upande ulikoacha begi. Mji wa kale wa Wasogdi ni kuta za udongo tupu. Michoro yake mizuri ilihamishiwa Dushanbe na makumbusho ya Hermitage ya Saint Petersburg. Pitia makumbusho ya Rudaki mjini kwanza, upige picha ya ramani ya magofu iliyoko ndani, ndipo upande kilimani, maana kule juu chumba na njia vinafanana.