Kupoteza harufu baada ya kuumia kichwa: picha ya ubongo inaonyesha nini hasa

Shemeji yangu alianguka na bodaboda akapiga kisogo, wakampiga CT skani ikatoka safi, akaruhusiwa. Wiki ya pili dada anatoka dukani anakuta maharage yameungua, moshi umejaa jikoni, na mumewe kakaa hapohapo hajasikia harufu yoyote. Ndo tukaanza kuelewa kwanini alikuwa analalamika kila chakula hakina ladha. Kurudi hospitali wakamwambia picha haina kitu, kama vile anajisingizia, na hiyo iliniuma sana, manake picha safi haimaanishi mtu anasikia harufu.

Hali yenyewe inaitwa anosmia, kutosikia harufu kabisa. Uwezo wa kunusa ukibaki kidogo inaitwa haiposmia.

Ndani kabisa juu ya pua kuna mfupa mwembamba wenye vitundu kama chujio la chai, na nyuzi za mshipa wa fahamu wa kunusa zinapita kwenye hivyo vitundu kupanda kwenye ubongo, zinaishia kwenye balbu mbili za kunusa, moja kulia moja kushoto, kila moja imezidi kidogo tu punje ya mchele. Sasa kichwa kikigonga ghafla, hasa kwa kisogo, ubongo unasogea ndani ya fuvu lakini ule mfupa uko palepale, basi zile nyuzi zinakatika. Na ubongo wa mbele, ule uliokaa juu ya macho, unasuguana na mfupa na kuvilia damu hata kama pigo lilikuwa nyuma. Kwahiyo harufu inaweza kupotea kwasababu nyuzi zimekatika, au balbu imeumia, au ile sehemu ya ubongo inayotambua harufu ndo imeumia, na wakati mwingine vyote kwa pamoja.

CT skani ni nzuri kwa mfupa na damu mbichi, ndo maana inapigwa masaa ya kwanza. Itaonyesha fuvu limepasuka au la, lakini balbu za kunusa haizionyeshi vizuri. Hapo inahitajika MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, tena sio ile ya kichwa ya kawaida tu, daktari aandike kabisa kwamba anatafuta njia ya kunusa ili wapige vipande vyembamba sana vya eneo la juu ya pua, manake vipande vikiwa vinene balbu inarukwa. Wataalamu wanapima ujazo wake, kwa mtu mzima ni kama milimita za ujazo 50 hivi kila upande, na wanaangalia kovu kwenye ubongo wa mbele. Balbu inaweza kusinyaa taratibu kwa kukosa taarifa kutoka puani, kwahiyo picha ya miezi kadhaa baadae inaweza kuonyesha kitu ambacho ya siku ya ajali haikuonyesha. Kuna na PET, skani nyingine inayoonyesha sehemu gani ya ubongo inatumia sukari kidogo kuliko kawaida, ila ni ghali na wengi hawataipata.

Zile nyuzi zenyewe ni nyembamba mno, MRI ya kawaida haizioni. Zinaweza kuwa zimekatika zote na picha ikasoma sawa. Kwahiyo picha inasaidia kujua uharibifu uko wapi, ila kama mtu anasikia harufu au hasikii kunapimwa kwa kunusishwa vitu kwa utaratibu, mfano kile kipimo cha harufu 40 kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani miaka ya 1980. Usimpime mtu kwa amonia au dawa za kuchua zenye ukali, ule muwasho unabebwa na mshipa mwingine wa fahamu, wa uso, atashtuka na mtasema anasikia. Tumia kahawa.

Kitu kimoja cha haraka: puani kukitoka maji maangavu yanayodondoka ukiinama, yenye chumvichumvi, rudi hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa ni maji ya ubongo yanavuja.

Baadhi ya watu harufu inarudi, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Kuna mazoezi yaliyofanyiwa utafiti Dresden, Ujerumani, yakachapishwa 2009: unanusa waridi, limau, mkaratusi na karafuu, asubuhi na jioni, wiki 12. Shemeji anayafanya kwa vikopo vinne dirishani. Juzi kwenye kikopo cha karafuu kasema kuna kitu anakisikia, kwa mbali sana, kama kiko chumba cha pili.